Pepesa Mashine Ikigonga

Nyinyi mnaoingia kwa mashine mwaka huu, wekeni hizo simu chini. Sitaanza na uzi. Uzi mtauzoea, hata kama leo unawafunga vidole kama mbuzi aliyezunguka mti. Nitaanza na macho, kwa sababu upepo wa Agosti umekaribia, na juzi nilimwona mmoja wenu akijisugua jicho kwa mkono uliotoka kwenye uzi mweusi. Nilitaka kumchapa. Sikumchapa kwa vile siku hizi hamchapwi, lakini anajijua.

Na msiogope sauti yangu. Sauti hii si ya hasira. Ni furaha! Jambo ninalotaka kuwaambia hata leo likinijia kichwani nasimama kutoka kwa kiti, na magoti yangu hayapendi kusimama.

Mimi ni Mama Kendi. Nilifuma sweta za shule hapa Kiirua tangu Kendi akiwa mgongoni, na sasa Kendi ana watoto wanaovaa sweta hizo. Mashine nimewaachia nyinyi. Ninachokuja kufanya hapa kila asubuhi ni kuketi kando na kuwapigia kelele.

Sasa, wewe uliyetoka Kibugu, macho yako yamezoea ukungu wa majani chai na msitu. Huko hewa ina maji. Hapa Kiirua hewa inakukausha bila kukuomba ruhusa. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kukata masikio. Halafu ukungu unaondoka ghafla, na upepo unashuka na vumbi la mashamba ya ngano na viazi, unaingia kwa mlango kama mtu mwenye deni lake. Desemba mpaka Februari, jua kavu mchana, na usiku baridi kali. Na sisi kazi yetu inakuwa nyingi lini? Shule zikifungua Januari. Hewa ikiwa kavu kabisa, ndipo tunaangalia sindano kutoka asubuhi mpaka jioni. Kwa hivyo kila msimu ukigeuka, mtu wa sweta anaujua kwa macho. Wakulima wanaangalia mawingu. Sisi tunawashwa.

Aliyenifundisha aliitwa Nkatha. Yuko hai, na mtamwona tu, maana hapitwi na chai ya hapa. Nkatha alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa na mtihani wake wa kuchagua wasichana. Hakuuliza umesoma mpaka darasa la ngapi. Alikuketisha mbele ya mashine, yeye akashika kile kichwa cha mashine kinachosukumwa, akasema, "Angalia sindano. Nikisukuma kwenda na kurudi, kope isiguse kope. Ukipepesa, unaenda nyumbani."

Sababu yake ilikuwa na akili kidogo. Uzi ukiruka sindano moja na wewe usione, kitanzi kinaanguka, na kikianguka kimoja kinawavuta wenzake mpaka sweta inakuwa na ngazi kutoka kifuani hadi kiunoni. Mtoto wa shule akivaa hiyo, shati linachungulia. Kwa hivyo jicho lilitakiwa kuwa wazi kila wakati.

Siku yangu ya mtihani tulikuwa wanne. Msichana wa kwanza alipepesa kabla mashine haijaondoka. Wa pili alikaza macho mpaka akapiga chafya. Wa tatu alipita lakini akasema anaona sindano zikicheza. Mimi nilitoa macho kama ng'ombe aliyeona gari. Machozi yalinitiririka mpaka kwa kidevu, na Nkatha akanipiga begani: "Huyu ana macho ya kazi!" Nilirudi nyumbani nikijivuna. Jioni sikuweza kuangalia moto.

Tukaendelea hivyo, miaka na miaka. Nkatha aliporudi shambani kwake, mimi nikashika chumba, na mtihani nikaendelea nao. Krismasi ikifika tulikuwa tunashindana, nani atakaa muda mrefu bila kupepesa, na mshindi anakula paja la kuku. Tulikuwa tunacheka sana! Na kila mtu pale ndani alikuwa na macho mekundu kama nyanya, na tukaita hiyo rangi ya kazi.

Kisha kulikuwa na Kinya.

Kinya ni wa Muthara, ameolewa huku. Yeye ndiye alikuwa anaunga kola. Nyinyi bado hamjui kola ni nini. Mwili wa sweta hata mtu mzembe anaweza kufuma, lakini kola inaungwa kitanzi kwa kitanzi, na kola mbaya inamnyonga mtoto au inamwaga shingo yake nje. Kola ya Kinya ilikaa kama imeota pale. Na sweta nyeusi, ambayo wengine tunaikimbia kwa sababu kitanzi cheusi juu ya kitanzi cheusi hakionekani, Kinya aliichukua akiimba.

Ilikuwa wakati kama huu, baridi ikiondoka na upepo ukianza. Tulikuwa tumezoea kuweka jiko la makaa chumbani mwezi wa saba, kwa sababu vidole vikiganda hufumi. Halafu upepo ukaja tukasogeza mashine mlangoni ili tupate mwanga. Hebu fikirini akili hiyo. Moshi na joto nyuma, upepo na vumbi mbele, na mtu katikati ametoa macho hapepesi.

Macho ya Kinya yakaanza kumwaga maji. Si kulia. Maji tu, yanateremka, anapangusa na kanga, yanateremka tena. Akasema ni kama kuna mchanga ndani. Jioni anaona taa ina manyoya. Akaanza kukosea kola. Ya kwanza tukanyamaza. Ya pili akaifumua mwenyewe.

"Kinya, nenda upumzike," nikamwambia.

"Mama Kendi, nipumzike niende wapi? Mama yangu alianza hivi."

Hapo ndipo nilijua anabeba nini. Mama yake kule Muthara aliacha kuona polepole, pembeni kwanza, mpaka akawa anashikwa mkono kwenda choo. Kinya alikuwa ameshajihukumu. Alikuwa ameweka kila dawa aliyosikia. Aliweka tone kutoka chupa ya jirani, ile inayotoa wekundu, jicho likawa jeupe siku hiyo na jekundu zaidi kesho yake. Halafu nikagundua ameweka hata ile dawa ya kupaka ya ng'ombe.

"Ya ng'ombe?" nikamuuliza. "Wewe umezaa ndama?"

"Imeandikwa ni ya macho."

"Ya macho ya nani?"

Wengine wakaangua kicheko, lakini mimi niliona kidevu chake kinacheza, nikawakemea.

Na alikuwa amefanya jambo lingine bila kuniambia. Mashine aliyokuwa anafumia ilikuwa yake, si ya chumba. Alikuwa ameongea na wifi yake, Karimi, kwamba kabla ya shule kufungua Karimi aje aichukue, akaifanyie kazi Muthara. Kinya angebaki nyumbani ajifunze kuishi bila kuona. Alikuwa ameanza kutembea nyumbani amefunga macho ili azoee. Mtoto wake ndiye aliniambia. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikamshika mkono. "Twende."

"Niende niambiwe kile ninajua?"

"Uende uambiwe na mtu aliyeona ndani ya jicho. Wewe umeliona kwa nje tu, tena kwa kioo kilichopasuka."

Kule kliniki ya macho tulimkuta kijana mpole, mikono safi. Akamweka Kinya kidevu juu ya chombo, akaangalia kwa taa. Akapima presha ya ndani ya jicho, kwa sababu ya habari za mama yake. Akaweka tone la rangi ya manjano akaangalia tena. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nasali kwa Kimeru ili yule kijana asielewe.

Akasema, "Mama, macho yako ni makavu."

Kinya akainua kichwa. Maji yalikuwa yanateremka mashavuni wakati huohuo.

"Nini?"

"Ni makavu."

"Wewe kijana, huoni? Hii ni nini hapa? Ni mate?" Akanigeukia. "Mama Kendi, twende. Huyu anaita mto jangwa."

Huyo kijana hakukasirika. Alicheka. Akasema, "Ngoja nikueleze. Kuna machozi mazuri, yana mafuta kidogo, yanakaa juu ya jicho kama mafuta yaliyopakwa juu ya sahani. Hayo yakiisha, jicho linaungua. Likiungua linapiga kelele, na mwili unamwaga maji mengi ya haraka. Lakini hayo ni maji tu, hayakai. Yanapita yote kwa shavu. Ndiyo maana unalia na jicho bado ni kavu."

Nikamuuliza, "Na ule ugonjwa wa mama yake?"

"Sioni dalili yake leo. Lakini ugonjwa kama ule unatembea kwa familia, kwa hivyo aje apimwe kila mwaka, hata akijisikia mzima." Halafu akauliza, "Unafanya kazi gani?"

"Nafuma sweta."

"Hebu nionyeshe unavyokaa."

Kinya akakaa mbele ya meza yake, akashika mashine ambayo haipo, akaanza kusukuma. Kwenda. Kurudi. Kwenda. Kijana alikuwa ameinama anamwangalia usoni.

"Mama," akasema, "hujapepesa."

"Ndiyo," Kinya akajibu kwa kiburi. "Mimi nilipita mtihani."

Uui! Mwili wangu ulisisimka wote. Kijana akatueleza kwamba kila ukipepesa, kope inapaka jicho yale machozi mazuri upya, na zile kope zinakamua mafuta yake. Usipopepesa, upepo unamaliza yote. Na sisi hapa tulikuwa tunachagua wasichana kwa kutopepesa, na kuwapa paja la kuku!

Akampa matone ya kulainisha, akatuambia ya ng'ombe itupwe, na ya jirani arudishiwe jirani. Akasema pia kwamba jicho likiuma sana, au likichukia mwanga, au likitoa usaha, au kuona kukapungua ghafla, mtu asingoje wala asiulize shangazi, aje siku hiyohiyo. Hilo nawaambia hata nyinyi, na sirudii.

Njiani kurudi, Kinya akaniuliza, "Sasa nitapepesa saa ngapi? Nikipepesa kitanzi kinaanguka."

Hilo ndilo swali. Matone ni mazuri, lakini mashine inakungoja pale pale. Nilikaa kwa mashine yangu jioni hiyo nikaisukuma bila uzi, nikiisikiliza. Nyinyi mnaisikia kelele tu. Sikilizeni vizuri. Ikipita juu ya sindano inasema krrrrr. Ikifika mwisho, ikitoka kwa sindano ya mwisho, inagonga. Tak. Hapo hakuna uzi unaoshikwa. Hapo hakuna kitanzi cha kuanguka. Hapo mkono unageuka tu. Nikasema, Mungu wangu, mlango ulikuwa wazi siku zote!

Krrrrr, unaangalia. Tak, unafunga. Na si kupepesa kwa wasichana wanaotaka soda. Funga kabisa, kope ikutane na kope, kama unaanza kusali, halafu fungua.

Asubuhi niliwakusanya wote. Niliwaambia mtihani umekufa, tumeuzika. Wakafikiri nimeugua. Nikawapigia mashine: krrrrr, tak! "Fungeni!" Krrrrr, tak! "Fungeni!" Chumba kizima kilikuwa kinapepesa pamoja kama kuku waliofukuzwa kwa mtama. Mmoja akacheka mpaka akaanguka na kiti. Lakini jua lilipoelekea kutua mmoja akasema, polepole, kama anaogopa kuonekana mjinga, "Mama Kendi, mimi leo siwashwi."

Na Kinya? Kinya alikuwa bado anawashwa. Sitawadanganya. Yeye alikuwa ameungua zaidi. Kuna siku alipiga mashine kofi akasema wifi yake aje hata leo. Nikamwambia, "Jiko likiwaka usiku kucha haliwi baridi kwa kulipulizia mara moja. Tulia."

Tukabadilisha chumba kwa ajili yake, na ndiyo maana mnakikuta hivi. Mlishangaa mbona tukiketi kwa mashine tunaupa mlango mgongo. Ni ili upepo ukupige kisogoni, macho yasiguswe. Mwanga tulipata kwa kuweka bati moja la kupitisha nuru pale juu. Jiko lilitoka nje, na baridi ikija mnavaa sweta, si mnazifuma? Sakafu inanyunyizwa maji asubuhi na saa nane kabla ya kufagia, uzi usiruke kama vumbi. Nywele za uzi ni adui. Mikono inaoshwa kabla ya kugusa uso, na jicho halisuguliwi, hata likiwasha kama upupu.

Na kitambaa. Hiki nakipenda. Asubuhi unachemsha maji, unachovya kitambaa safi, unakikamua, unajaribu kwa ndani ya mkono kwanza usije ukajichoma. Kikiwa cha moto wa kuvumilika, unaweka juu ya macho yaliyofungwa, unakaa kidogo, unarudisha joto kikipoa. Halafu unakanda kope polepole kwa kidole safi. Yale mafuta yaliyoganda yanayeyuka. Kila mtu na kitambaa chake. Nikiona mmekopeshana kitambaa nitakichoma.

Ukienda nyumbani na upepo, vaa kofia yenye ukingo, au miwani ile inayokumbatia uso. Mtu akikucheka, mwangalie vizuri. Macho yake ni mekundu.

Msimu ukazidi kukauka. Kinya akawa anafanya yote hayo kama anameza dawa chungu. Halafu siku moja Nkatha akaja kunywa chai. Nilikuwa naogopa siku hiyo kidogo, kwa maana mtihani ulikuwa wake. Akaingia, akasimama, akawaangalia wote wakifuma. Krrrrr, tak, macho yanafungwa. Krrrrr, tak.

"Hawa wana nini? Wana usingizi?"

Nikamweleza yote. Kliniki, jangwa, mto, mlango. Alinisikiliza akipuliza chai yake. Nikamaliza kwa adabu: "Sasa shosho, wewe uliwezaje miaka yote hiyo bila kupepesa?"

Nkatha akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso. "Nani alisema sikupepesa? Nilikuwa napepesa mkiangalia sindano. Mlifikiri mimi ni samaki?"

Kinya ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliinamia mashine akashika tumbo, na alipoinuka alikuwa analia machozi, yale ya kweli ya kicheko, na hakuyapangusa kwa hasira kama zamani. Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Nafikiri alikuwa amebeba aibu, kwamba macho yake ni dhaifu kuliko ya wengine. Kumbe hakukuwa na wengine wa namna hiyo.

Wiki hazikuwa nyingi kabla ya shule kufungua. Tulikuwa na sweta nyeusi mpaka darini, na kola zote zilikuwa za Kinya. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Ndipo pikap ikasimama nje, na Karimi akashuka na wanaume wawili wa kubeba. Hakuwa mtu mbaya, Karimi. Alikuwa ameitwa, akaja.

"Muga, Kinya," Karimi akasalimia.

"Muga. Keti."

"Sikai, pikap inangojea. Tumekuja kwa mashine."

"Ipi?" Kinya akasukuma. Krrrrr, tak. Akafunga macho, akafungua.

"Hiyo unasukuma. Si ulinipigia ukisema macho yameisha?"

"Nilikuwa nimeogopa, Karimi."

Chumba kizima tulikuwa tumeacha kazi. Hata mimi nilikuwa nimesimama. Karimi akamsogelea, akamwinamia usoni, na sauti yake ikashuka.

"Niambie ukweli. Unaona, ama unajikaza tu?"

Kinya akamwangalia. Alimwangalia muda mrefu, akipepesa bila haraka.

"Hereni yako ya kulia si ndugu ya hii ya kushoto," akasema. "Moja ina kajiwe kekundu, nyingine haina. Ulitoka nyumbani mapema sana."

Karimi akashika masikio yote mawili. Tulipiga kelele! Vigelegele, makofi, mmoja akagonga meza kwa mkasi. Karimi mwenyewe alicheka mpaka akaketi kwenye kile kiti alichokuwa amekataa.

Mmoja wa wale wanaume akachungulia kwa mlango, amechoka kungoja. "Mama, sasa tunabeba nini?"

Kinya alikuwa ameshageukia kola yake. Hakusimama.

"Bebeni hizo sweta hapo," akasema. "Zimeisha, na shule iko njiani kwenu."

Karimi ndiye aliyebeba mzigo wa kwanza.